Jack Johnson: ngumi zake, na mulango aliofunga nyuma yake

Ndugu wanamemba, na ninyi marafiki munaotutumia musaada toka mbali, mara hii tunaleta maisha ya mutu ambaye jina lake linatoka sana wakati watu wanabishana juu ya muchezo wa ngumi. Ni Jack Johnson, mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mu mwaka wa 1908. Wazee wetu waliofuata pigano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, mu Mwezi wa 10, 1974, wanakumbuka namna Ali aliegemea kamba, akapokea ngumi na mikono, huku anasema na mupinzani wake bila kunyamaza. Johnson alikuwa anasema na wapinzani wake namna ile, na anazima ngumi zao na mikono, zaidi ya miaka 60 mbele ya pale. Basi tujiulize: alikuwa fundi wa namna gani kweli, na alituachia nini?

Alizaliwa tarehe 31 Mwezi wa 3, 1878, Galveston, muji wa bandari mu jimbo la Texas, Marekani. Wazazi wake wote wawili walikuwa wametoka mu utumwa. Masomo hayakuenda mbali. Alitumika ku bandari. Kupigana alijifunza mu mapigano yale ya aibu ambamo vijana weusi waliingizwa wote pamoja ndani ya ulingo, wapigane, na wazungu wawatupie feza.

Mwalimu wake wa kweli alimupata mu gereza. Tarehe 25 Mwezi wa 2, 1901, Joe Choynski, muyahudi wa San Francisco, mutu mudogo kwa mwili lakini mwenye akili nyingi, alimulalisha Johnson mu raundi ya tatu pale Galveston. Kupigana kwa feza kulikuwa kumekatazwa mu Texas. Polisi wakaingia, wakawakamata wote wawili, mushindi na mushindwa, na kuwafungia kwa karibu wiki tatu. Mule ndani Choynski akamufundisha. Watu walikuja kuwaangalia wakifanya mazoezi. Ukiangalia Johnson wa kisha pale, unaona mutu aliyeamua kwamba hatapigwa tena ovyo.

Filamu zake ziko mpaka leo, kwa hiyo tunaweza kuhukumu kwa macho yetu wenyewe. Alisimama wima, mikono imefunguka kidogo, sawa mutu anayengoja mupira. Ngumi ya mupinzani ikianza kutoka, yeye anaipokea na kiganja mbele haijapata nguvu, ao anaisukuma pembeni kidogo tu. Mupinzani akikaribia, Johnson anakamata mikono yake hapa juu, ku misuli. Hata uwe na nguvu ya ngombe dume, hauwezi kupiga. Kisha, mu nafasi ile ndogo, ngumi yake ya kuume inatoka chini kwenda juu, ku kidevu. Ile ngumi ndio iliwamaliza wengi. Na wakati wote ule anacheka, meno ya zahabu yanaonekana, anajibu watu wanaomutukana toka viti vya mbele.

Wengine walisema anapigana polepole juu ni muvivu ao mwoga. Mimi sikubali. Jim Corbett, bingwa muzungu wa miaka ya 1890, naye alishinda kwa kukwepa na kuhesabu, na magazeti yakamusifu kwamba ana akili. Johnson akifanya vile vile, wakasema ni ujanja. Tena mweusi aliyelalisha wazungu haraka haraka alijua hatapata mechi ingine. Ile polepole ilikuwa akili ya kazi.

Mu 1903 alimushinda Denver Ed Martin, akawa bingwa wa weusi. Lakini ubingwa wa dunia ulikuwa umefungwa na musitari wa rangi. Jim Jeffries, bingwa wa wakati ule, alikataa kabisa kupigana na mweusi, na mu 1905 akaacha muchezo bila kushindwa. Ubingwa ulipofika kwa Tommy Burns wa Canada, Johnson alimufuata mpaka Uingereza, kisha mpaka Australia. Burns alikubali tu wakati walimwahidi dola 30,000. Johnson akapewa dola 5,000, na akakubali. Tarehe 26 Mwezi wa 12, 1908, Sydney, alimupiga Burns raundi 14, mpaka polisi wakasimamisha pigano. Kusema kweli ilikuwa ukatili pia: Burns alikuwa mufupi kwake sana, na Johnson alionekana anamushikilia asianguke, juu aendelee kumupiga.

Pale ndio wazungu wakaanza kutafuta mutu wao wa kurudisha ubingwa. Mu 1909 Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati, alimuangusha Johnson chini mu raundi ya 12. Johnson akasimama, na ngumi iliyofuata ikamulaza Ketchel kimya. Kisha wakamutoa Jeffries ku shamba lake. Alikuwa hajapigana miaka sita, amenenepa, akalazimika kupunguza kilo nyingi sana. Walipigana Reno, Nevada, tarehe 4 Mwezi wa 7, 1910, mbele ya watu karibu 20,000. Jeffries hakuwa ameangushwa hata siku moja mu maisha yake. Mu raundi ya 15 aliangushwa tena na tena, mpaka watu wake wakaingia kusimamisha. Usiku ule, mu miji mingi ya Marekani, wazungu wakashambulia weusi waliokuwa wanafurahi, na watu wakauawa. Mu 1912 sheria ikakataza kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja kwenda lingine. Kila mutu alijua ni filamu gani iliogopwa.

Sasa tufike penye panauma. Wakati ule kulikuwa weusi wengine watatu wenye nguvu sana: Sam Langford, Joe Jeannette na Sam McVey. Johnson alikuwa amepigana nao wote mbele ya kupata ubingwa. Langford, ambaye alimushinda kwa pointi mu 1906, alikuwa mudogo sana kwake wakati ule. Kisha akakomaa, na wajuzi wengi wanamuhesabu kati ya wapiganaji wakubwa kabisa wasiopata hata nafasi moja ya ubingwa wa dunia. Johnson akiwa bingwa hakumupa nafasi hata mara moja. Hata Jeannette na McVey hakuwapa. Mweusi mumoja tu alipigana naye juu ya ubingwa, Jim Johnson, Paris mu 1913, wakatoka sare. Watetezi wake wanasema wazungu ndio walileta watu na feza. Ni kweli. Lakini mulango aliosukuma miaka mingi, alipoingia ndani aliufunga mwenyewe. Langford alizeeka kipofu na masikini mu chumba cha Harlem, mpaka mwandishi mumoja wa gazeti alipomugundua mu 1944 na watu wakamuchangia.

Nyumbani pia hatuwezi kumusifu. Alimupiga bibi yake Etta, muzungu, na mu Mwezi wa 9, 1912, mama yule alijiua. Miezi michache kisha pale akaoa Lucille Cameron, naye muzungu. Serikali ilikuwa imekwisha kumushitaki kwa sheria iliyotungwa mu 1910 juu ya watu wanaosafirisha wanawake kwa ukahaba. Lucille alikataa kutoa ushahidi, basi wakaleta mwanamuke mwingine wa zamani. Mu 1913 wazee wa baraza, wazungu watupu, wakamuona na kosa. Akahukumiwa mwaka moja na siku moja.

Akakimbia. Canada, Ufaransa, Uingereza, Argentina, Cuba, Hispania, Mexico: karibu miaka saba ya kuzunguka. Wanamemba hawahitaji maelezo marefu hapa. Mama yake alikufa Chicago, yeye akiwa bado mbali. Tarehe 5 Mwezi wa 4, 1915, Havana, mu jua kali, Jess Willard, mutu wa karibu mita mbili, alimulalisha mu raundi ya 26. Johnson alikuwa na miaka 37. Kisha alisema aliuza pigano lile. Filamu inaonyesha mutu anayetafuta ushindi kwa nguvu zote raundi nyingi za kwanza, kisha miguu inakataa. Haikuuzwa, alikuwa amechoka na amezeeka.

Tarehe 20 Mwezi wa 7, 1920, alipita mupaka wa Mexico na kujitoa mwenyewe kwa serikali. Walimupeleka ku gereza la Leavenworth, Kansas, na akatoka tarehe 9 Mwezi wa 7, 1921. Ubingwa ulikuwa umefungwa tena: kutoka 1915 hakuna mweusi aliyepewa nafasi, mpaka Joe Louis mu 1937. Na wasimamizi wa Louis walimupa masharti: asipigwe picha na wanawake wazungu, asicheke mupinzani aliyeanguka. Wote walijua masharti yale yalitungwa juu ya nani. Johnson hakumusaidia, mu 1936 alisema wazi kwamba Max Schmeling wa Ujerumani atamushinda Louis, na vile ikawa.

Kama fundi wa kujikinga, mu uzito wake, mimi sioni wa wakati wake aliyemufikia. Kama bingwa, wapinzani wake walikuwa wadogo, wazee ao wa kuchaguliwa. Tunaweza kushika yote mawili bila kuficha moja.

Alikufa tarehe 10 Mwezi wa 6, 1946, mu ajali ya motokari karibu na Franklinton, North Carolina, na miaka 68. Inasemwa alitoka kwa hasira mu hoteli moja ya njiani iliyotaka kumulisha nyuma, mahali pa weusi. Alizikwa Chicago, pembeni ya Etta. Musamaha wa serikali juu ya kesi ile ulisainiwa tarehe 24 Mwezi wa 5, 2018, miaka 72 kisha kufa kwake.