Ibn Battuta mjini Guangzhou: aliwauliza nani, na aliulizaje?

Ukishuka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, si ajabu kusikia mtu nyuma yako anazungumza Kiswahili. Jamaa zetu wa Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati wanakwenda kufuata mzigo, na wengi huishia Sanyuanli, kwenye wilaya hiyohiyo ya Baiyun, masoko ya mikoba na ngozi. Wakirudi tunawauliza: haya, China vipi? Kila mmoja ana China yake.

Karibu karne saba nyuma aliingia mji huo mtu aliyeulizwa suali hilohilo mpaka likatoka kitabu kizima. Abu Abdullah Muhammad Ibn Battuta alizaliwa Tanja, Morocco, mwaka 1304. Akatoka kwao 1325 kwenda kuhiji, kijana wa miaka 21, na ile safari ya hija ikageuka kuwa umri mzima. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kisha akapanda mpaka Dhofar na Oman. India alikuwa kadhi wa Delhi, halafu Sultani wa Delhi akamtuma China, na kabla ya kufika huko akawa kadhi tena Maldivi na kuoa huko. Mji wa Guangzhou yeye anauita Sin Kalan.

Sasa hebu tazama alifikia kwa nani. Kilwa alikaa na Sultani Hassan bin Sulaiman na mashekhe waliomzunguka, akaandika sifa za ukarimu wake. Guangzhou alipokewa na tajiri Muislamu aliyetoka Sinjar, akakaa kwake siku 14. Kadhi na Waislamu wa mji wakawa wanamwalika na kumletea zawadi. Mwenyewe anakiri kwamba China ilimdhiki kwa sababu ya dini za wenyeji, hata akawa hatoki nyumbani ila kwa haja, na akimuona Muislamu ni kama kamuona ndugu yake. Basi China aliyotuletea ni China ya sebule za matajiri wa Kiislamu. Wapagazi, wavuvi na wakulima wa mpunga hawakupata kuulizwa.

Hilo ndilo kosa ambalo wataalamu wa takwimu wanalitafuta mwanzo kabisa: nani aliingia kwenye hesabu na nani alibaki nje. Si uongo. Aliowauliza huenda walisema kweli tupu, lakini walikuwa watu wa aina moja. Wenye asili ya Nizwa wanalijua hili vizuri zaidi, maana alipopita Oman, yeye mtu wa madhehebu ya Maliki katikati ya Maibadhi, aliandika mambo ambayo mwenyeji hayakubali hata leo.

Kuna na namna ya kuuliza. Akiwa Guangzhou alitaka kujua habari za ukuta wa Yaajuj na Maajuj. Akaambiwa uko mwendo wa siku 60. Lakini ukimuuliza mtu ukuta fulani uko wapi, ushamwambia kwamba upo. Mwenyeji mwenye adabu atakupa masafa, hatokuvunja moyo. Hapa nampa heshima yake Ibn Battuta, kwani aliongeza kuwa hakukutana na yeyote aliyeuona, wala aliyemuona aliyeuona. Suali lilikuwa na jibu ndani yake, na yeye akatuachia alama ya kulishuku.

Kinyume chake ni wachoraji wa China aliowasimulia. Kila mgeni aliyepita walimchora, apende asipende, picha ikabandikwa ili akikimbia akamatwe. Ilikuwa kazi ya polisi, lakini wao hawakuchagua tajiri wala maskini.

Mambo hayajabadilika sana. Watu walikuwa wakisema Guangzhou ina Waafrika laki moja, wengine laki mbili na zaidi. Mwaka 2014 serikali ya mji ikatoa hesabu yake: takriban 16,000, na wakaazi hasa kama 4,000. Tofauti kubwa! Anayesimama mlango wa soko Sanyuanli saa za biashara ataona Waafrika kila upande, na mfanyabiashara aliyekuja mara sita kwa mwaka atahesabiwa mara sita. Anayesoma daftari la viza hamuoni ambaye viza yake imekwisha na anajificha. Na mtafiti akimuuliza mtu kama huyo anaishi hapa kihalali, anategemea jibu gani? Kwa nambari hizo watu wanapandishiwa kodi za nyumba na wanatazamwa kwa jicho baya, na huku Ghuba kuna baba anayeamua kama mwanawe aende kufungua ofisi au asiende.

Ibn Battuta alirudi Morocco baada ya kuiona tauni ya 1348 huko Sham. Sultani Abu Inan wa Fez akaamuru habari zake ziandikwe, naye akazisimulia kwa kumbukumbu, mwandishi Ibn Juzayy akizipamba, mpaka kitabu kikatimia mwaka 1355. Wapo waliomkanusha tangu zama zake, na wapo wasomi wa leo wanaoshuku kama kweli alifika Beijing. Alifariki kwenye 1368 au 1369, akiwa kadhi katika mji mmoja wa Morocco. Jina la tajiri wa Sinjar limo kitabuni. La aliyembebea mizigo kutoka bandarini halimo.