Bibi Agnes Pockels na Utando wa Mafuta

Katika zamu zangu za kuosha masufuria nimeona mara nyingi jinsi tone la mafuta linavyotanda juu ya maji na kuyakimbiza masizi pembeni. Sikulijali jambo hilo mpaka niliposoma habari za Bibi Agnes Pockels.

Alizaliwa Venice tarehe 14 Februari, 1862. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Austria. Mwaka 1871 walihamia Braunschweig, Ujerumani, kwa kuwa malaria ilikuwa imewadhoofisha. Agnes alipenda sana sayansi, lakini siku zile vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wasichana. Mdogo wake Friedrich alikwenda kusoma fizikia; yeye akabaki kupika na kuwauguza wazazi. Friedrich alimletea vitabu.

Basi, alipokuwa na miaka ishirini hivi, alianza kutumia chombo cha bati, urefu sentimeta 70, upana 5 na kina 2. Alikijaza maji mpaka ukingoni, akalaza ukanda wa bati kukatiza juu yake. Akiusogeza, uso wa maji hupanuka au hupungua. Kisha alining'iniza kisahani kidogo kwenye mizani, akapima nguvu ya kukibandua majini. Utando wa mafuta ukiwa umetanuka sana, maji hukishika kisahani karibu sawa na maji safi. Lakini akiubana kufika kiasi fulani, nguvu ile huanguka ghafula. Sasa tunajua sababu: hapo molekuli zimesongamana bega kwa bega, safu moja tu. Nami nastaajabu kwamba haya yote yalipimwa jikoni!

Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza. Mke wa bwana huyo akaifasiri barua, naye Rayleigh akaipeleka katika gazeti la Nature, ikatoka tarehe 12 Machi. Baadaye Mmarekani Irving Langmuir alikiendeleza chombo cha namna ile, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huo huo chuo cha Braunschweig kilimpa Bibi Agnes udaktari wa heshima, naye ana miaka 70. Alifariki mwaka 1935.

Siku hizi wataalamu hutandaza safu kama hiyo juu ya silikoni, ambayo hutengenezewa vipande vya ndani vya simu na kompyuta. Tofauti ni kwamba juu ya maji molekuli huelea tu, bali kwenye silikoni kichwa chake hujifunga kabisa, mara nyingi kwa kupitia oksijeni iliyo usoni pake, na mkia husimama juu kama bua la mhindi shambani.

Mama yangu naye ni mgonjwa, na kaka yangu yuko chuoni. Nikimaliza mtihani nitarudi nyumbani kumwuguza. Nimemwandikia kaka aniletee vitabu vyake vya kemia vya mwaka wa kwanza. Bado hajanijibu.