Chester Carlson, aliyehangaika na unga kabla yako

Umewahi kujaribu kujitengenezea bodi ya saketi nyumbani? Unachapisha mchoro kwa printa ya leza, unaulaza juu ya shaba, unapiga pasi. Ukibandua, loo! Nusu ya mistari imebaki kwenye karatasi.

Usilaumu pasi kwanza. Kuna jamaa aliyehangaika kuhamisha unga kama huo mwaka wa 1938.

Chester Carlson alizaliwa Seattle, Marekani, 1906. Babake aliugua kifua kikuu na baridi yabisi, hivyo mtoto akaanza kutafuta riziki mapema. Mamake alifariki Chester akiwa na miaka 17. Alijikaza hadi akahitimu fizikia Caltech mwaka wa 1930, akiwa na madeni, na kazi zenyewe zilikuwa adimu.

Baadaye alipata kazi New York, kwenye idara ya kampuni moja ya umeme iliyoshughulikia kusajili uvumbuzi. Nakala za michoro hazikutosha kamwe. Jioni alisomea sheria, na kwa kuwa hakumudu vitabu, alivinakili kwa mkono maktabani. Macho yake yalikuwa dhaifu, na ile baridi yabisi ikamwandama yeye pia. Wewe ungevumilia?

Alianza majaribio jikoni kwake, harufu ya salfa ikawakera majirani. Akakodi chumba mtaani Astoria na kumwajiri Otto Kornei. Oktoba 22, 1938, walisugua kwa leso bamba la zinki lililopakwa salfa, likapata umeme tuli. Juu yake wakaweka kioo chenye tarehe hiyo na jina Astoria, wakamulika taa. Palipopigwa na mwanga pakapoteza umeme. Unga laini walionyunyiza ukashika kwenye maandishi tu. Wakakandamiza karatasi ya nta, wakaipasha moto, nta ikaunasa.

Wao walitaka karatasi inayonasa. Wewe unataka inayoachilia. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto. Kwenye karatasi ya kawaida huzama katikati ya nyuzi, na kuitoa ni kazi. Jaribu ukurasa mwembamba wa jarida linalong'aa. Tona hukaa juu ya ule utando wa ung'aavu, na ukiloweka bodi majini karatasi hulainika, ukaisugua kwa kidole. Maandishi yaliyokuwa kwenye ukurasa hayana neno. Ila usitie karatasi ya plastiki isiyo ya leza: itayeyukia ndani, na printa ya wenyewe utailipa!

Zaidi ya kampuni 20 zilimkataa Carlson, IBM ikiwemo. Mwishowe Haloid, ambayo leo ni Xerox, ilichukua wazo lake na kutoa mashine ya 914 mwaka wa 1959. Hata hiyo, karatasi ikikwama ndani, wakati mwingine iliwaka moto.

Alitajirika, akagawa sehemu kubwa ya mali yake. Septemba 19, 1968, alifariki akiwa ndani ya sinema jijini New York.