Stuhlmann: Mtaalamu wa wanyama wa majini aliyejaribu miti ya mlimani

MKULIMA wa Kiwangwa, mkoani Pwani, anayehamia Lushoto au Rungwe hutamani kubeba mbegu za korosho alizozizoea. Zitaota, lakini mkorosho ni mti wa joto. Katika baridi ya milimani hukua polepole na kuzaa kwa shida.

Kosa la kupanda mti bila kuchunguza mahali unapopelekwa liliwatia watu hasara kubwa hapa nchini zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mmoja wa waliolitafutia dawa ni Dk. Franz Stuhlmann.

Stuhlmann alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1863. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 akafika Zanzibar kuchunguza viumbe wa majini. Hakuwa bwana shamba.

Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara wa Emin Pasha. Huyo ndiye aliyeanguka kutoka ghorofani mjini humo Desemba 1889, usiku wa karamu ya kumpokea yeye na Stanley, akanusurika kufa. Mizigo yote, pamoja na mimea iliyokusanywa njiani, ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika.

Mwaka 1891 Stuhlmann alipanda milima ya Ruwenzori hadi kupita mita 4,000. Huko aliandika jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda: msitu wa chini, kisha mianzi, kisha vichaka vya baridi.

Ndui ilipozuka msafarani mwishoni mwa mwaka huo, Emin alimtanguliza na watu waliokuwa wazima. Stuhlmann alirudi pwani mwaka 1892. Emin aliuawa Kongo mwaka huo huo.

Miaka hiyo walowezi wa Kijerumani walikuwa wakimwaga fedha katika mashamba ya kahawa Usambara Mashariki. Msitu mnene uliwafanya waamini kwamba udongo wake una rutuba isiyokwisha. Ulipofyekwa, rutuba ilipungua na mavuno yakawaangusha.

Ni kutokana na hali hiyo taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa Amani mwaka 1902, Stuhlmann akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mbegu na miche kutoka mabara mengine ilipandwa katika maeneo ya vimo tofauti, kuanzia bonde la Sigi hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mazao ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kujaribiwa Kwai, karibu na Lushoto, ambako baridi ni kali zaidi.

Hata hivyo, taasisi hiyo iliwahudumia walowezi, na jasho lilikuwa la Waafrika. Aidha, si kila mti mgeni ulileta heri. Musizi, mti wa asili wa Kagera ambao jina lake la kisayansi linamkumbuka Emin, ulipandwa Amani baada ya Stuhlmann kuondoka. Hondohondo walitawanya mbegu zake, nao ukavamia msitu wa asili.

Stuhlmann alirudi Hamburg mwaka 1908, akafanya kazi katika Taasisi ya Kikoloni ya mji huo. Alifariki mwaka 1928. Bustani ya miti ya Amani ipo hadi leo.

Mkulima wa nyanda za juu anayetaka mti wa njugu ana la kujifunza hapo. Miti ya njugu ya nchi za theluji huhitaji miezi ya baridi kali kabla ya kuchanua, ndiyo maana kwetu hugoma kuzaa. Makadamia, ambayo wengine huita karanga miti, asili yake ni Australia, nayo hustawi kwenye ubaridi wa wastani.

Usinunue mche kwa kuvutiwa na majani. Uliza umetoka wapi, mti mama unazaa kwenye kimo gani, na kama mche umebebeshwa; uliobebeshwa huzaa mapema kuliko uliooteshwa kwa mbegu. Ukiagiza kutoka nje, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Panda michache, uitazame kwa misimu kadhaa, ndipo ufyeke ekari. Walowezi wa Usambara walianza na ekari.