Leonhard Euler na Namba 2,147,483,647

Soma wasifu huu, kisha jibu maswali.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake, mchungaji, alitaka kijana afuate nyayo zake. Mwanahisabati Johann Bernoulli alikitambua kipaji cha Euler na kumshawishi mzee akubali asomee hisabati. Mwaka 1727 Euler alikwenda kufanya kazi St Petersburg, Urusi. Alihamia Berlin mwaka 1741, akarudi St Petersburg mwaka 1766.

Jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika tangu ujana. Baada ya kurudi Urusi, la kushoto nalo likapata mtoto wa jicho. Mwaka 1771 upasuaji haukumponya, na mwaka huohuo nyumba yake ikateketea kwa moto. Hata hivyo hakuacha kazi: alipiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika.

Mwaka 1772 aliandika barua kuhusu namba 2,147,483,647. Utaipata ukiandika 2 mara 31, ukazizidisha zote, kisha ukatoa 1. Ili uone ukubwa wake, tuseme umesimama njia panda ya Mpemba, barabara ya Ileje inapoachana na ile ya Tunduma, ukihesabu lori moja kila sekunde, usiku na mchana. Ungeifikia baada ya miaka 68.

Je, ni namba tasa? Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alisema ndiyo, lakini hakutoa uthibitisho. Nawe usikubali upesi: 2 zikiwa 11, ukazizidisha na kutoa 1, unapata 2,047. Inafanana na namba tasa, kumbe ni 23 mara 89.

Kwa njia ya kawaida ungejaribu kuigawa namba ya Euler kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, yaani karibu 46,340. Namba tasa hizo ni 4,792. Euler alifikiri kwanza. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki namba zisizofika 400 za kujaribu. Hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Kwa hiyo ni tasa.

Euler alifariki tarehe 18 Septemba 1783, akiwa na umri wa miaka 76. Ukikutana na swali refu kwenye mtihani, usikimbilie kukokotoa. Tafuta kwanza yale yasiyowezekana, uyaondoe.

Maswali
1. Ni matatizo gani yalimpata Euler mwaka 1771?
2. Kwa nini kauli ya Mersenne haikutosha?
3. Kila kigawo cha 2,047 kikigawanywa kwa 22 hubakiza 1. Onyesha jinsi kanuni hii inavyokufikisha haraka kwenye 23.