Sheikh Abdallah Saleh Farsy na Khitilafu za Masheikh

Ramadhani iliyopita kwetu Muhoroni, vijana walikuwa wakitoka safuni baada ya rakaa nane za tarawehe, wengine wakiendelea mpaka ishirini. Wa nane wakaitwa Mawahabi, wa ishirini wakaitwa watu wa bidaa. Wazee wawili waliofuturu sahani moja miaka mingi wakaacha hata kuamkuana. Basi nikaona nikupe habari za Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye huenda tafsiri yake ya Qur'ani iko hapo kwenu kabatini.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Akasoma kwa masheikh wa Kishafi wa hukohuko, akawa mwalimu wa skuli, kisha kadhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alihamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu. Tafsiri yake kamili ilichapwa Nairobi mwaka 1969.

Sasa sikiliza. Masheikh waliomlea walikuwa watu wa maulidi, na yeye mwenyewe aliifasiri Maulidi ya Barzanji kwa Kiswahili. Lakini kila alivyozidi kupekua Hadithi, rai yake ikageuka. Miaka ya sabini akaandika kupinga mambo aliyoyaona ni bidaa. Si mchezo! Akajibiwa, naye akajibu, na kalamu yake ilikuwa kali. Mimi naona mengine yalipita kiasi, pande zote.

Kugeuza rai si aibu. Imam Shafi mwenyewe alikuwa na kauli za Baghdad, na alipofika Misri akaziacha nyingi.

Utauliza, mbona Qur'ani ni moja na Mtume (s.a.w.) ni mmoja? Huyu Hadithi imemfikia, yule haikumfikia, au imemfikia akaiona dhaifu. Au neno lenyewe lina maana mbili. Chukua neno quruu katika Suratul Baqara: Imam Shafi kasema ni tohara, Imam Abu Hanifa kasema ni hedhi, na eda ya aliyeachwa ikahesabiwa mbalimbali. Nenda Kisumu basi. Ndugu zetu Mahanafi, wengi wenye asili ya Kihindi, Alasiri yao huingia kivuli kikiwa mara mbili ya kitu, sisi Mashafi mara moja. Hakuna anayemwambia mwenzake kakufuru.

Lakini ninalotaka ulione ni hili. Mwaka 1972 Sheikh Farsy alitoa Mombasa kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Mle wamo kina Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote 1925, nao watu wa twarika. Kawataja kwa adabu: nani kamsomesha nani, wamesafiri wapi, wameandika nini. Mengi tunayoyajua leo juu yao yametoka kwenye kalamu ileile kali.

Alifariki Oman mwaka 1982, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na wale wazee wawili wa kwetu? Nimeingia nyumba zote mbili. Tafsiri wanayosoma ni hiyohiyo moja, ya Farsy.