Leo Fender: Fundi redio aliyeliondolea gitaa tumbo

Clarence Leonidas Fender alifariki dunia Machi 21, 1991 bila kuwa amejifunza kupiga gitaa. Hata kulityuni, alihitaji mwanamuziki amsaidie. Hata hivyo, sauti angavu ya gitaa la umeme, ile inayosikika wazi hata ngoma na besi zikiwa zimepamba moto, kwa sehemu kubwa inatokana na kazi yake. Na hadi sasa mafundi wanabishana: je, sauti hiyo ilitoka kwenye mbao alizochagua, au kwenye waya na sumaku?

Alizaliwa Agosti 10, 1909 katika familia ya wakulima wa machungwa karibu na mji wa Anaheim, jimbo la California, Marekani. Akiwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho la kushoto kutokana na uvimbe, akawekewa la kioo. Alisomea uhasibu na kuifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye redio tangu utotoni. Alipopoteza ajira wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, alikopa dola 600, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wanamuziki wa eneo hilo walimletea amplifaya zao zilizoharibika, na pamoja nazo malalamiko yao. Gitaa la wakati ule lilikuwa na tumbo wazi. Uso wake ulikuwa ubao mwembamba unaotetemeka pamoja na nyuzi, na mtetemo huo ndio uliotoa sauti. Tatizo lilianza umeme ulipoingia. Sauti ya spika ilirudi na kuutikisa ubao uleule, ubao ukazitikisa nyuzi, nyuzi zikapeleka mtetemo kwenye spika tena, na ukumbi mzima ukajaa mvumo. Aliyetaka kusikika juu ya tarumbeta alilazimika kuuvumilia.

Fender aliliangalia tatizo hilo kwa macho ya fundi wa umeme. Kinasa cha gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazalishwa kwenye waya. Kinasa hakiusikilizi ubao, kinaufuata uzi. Kwa nini basi kuwe na tumbo? Mwaka 1943, pamoja na mwenzake Doc Kauffman, alitengeneza gitaa la kujaribia vinasa kutoka kipande kizima cha mbao ya mwaloni. Kilikuwa kifaa cha karakana tu, lakini wanamuziki walianza kukiazima waende nacho kazini.

Wengine walikuwa na wazo kama hilo, lakini Fender ndiye aliyeligeuza kuwa gitaa la kuuzwa kwa wingi. Mwaka 1949 alitengeneza mfano wa kwanza kwa mbao za msonobari, ambazo ni laini na hubonyea upesi. Baadaye akahamia kwenye mti uitwao ashi, na kuanzia mwaka 1956 magitaa yake mengi yakawa ya mbao ya olda, inayopokea rangi bila usumbufu. Wauzaji wengi wa magitaa leo huizungumzia miti hiyo kana kwamba ilichaguliwa kwa sikio la kimuziki. Ukweli ni kwamba Fender alitazama zaidi bei, uzito, upatikanaji na urahisi wa kupaka rangi.

Hiyo haina maana kwamba mbao haina kazi. Uzi umefungwa kwenye mbao pande zote mbili, na mbao inayolegea humeza sehemu ya mtetemo wake. Shingo ya Fender ilikuwa ya mepo, mti mgumu, na iliunganishwa na mwili kwa skrubu nne bila gundi, ili ikiharibika ibadilishwe kama valvu ya redio. Nyuzi zilipita ndani ya mwili hadi nyuma, na kinasa cha karibu na daraja kilikaa kwenye bamba la chuma. Mpangilio huo ulichangia ule ukali wa sauti. Kampuni ya Gibson ilipojibu mwaka 1952, ilitumia mahogani, jamaa wa mkangazi wetu, ikaweka mepo juu na kuigandisha shingo kwa gundi. Sauti yake ilikuwa nzito zaidi, lakini vinasa navyo vilikuwa tofauti, kwa hiyo mbao peke yake haiwezi kupewa sifa zote.

Kuna mahali ambapo imani yake katika mbao ilimponza. Aliamini mepo ni ngumu kiasi kwamba shingo haihitaji fimbo ya chuma ndani yake. Magitaa ya mwanzo ya mwaka 1950 yalianza kurudishwa shingo zikiwa zimepinda kwa mvuto wa nyuzi, na fimbo ikawekwa. Mwaka huohuo gitaa lake liliitwa Broadcaster, yaani mtangazaji. Kampuni ya Gretsch ilikuwa ikitumia jina linalofanana kwa ngoma zake, hivyo mwaka 1951 likawa Telecaster. Stratocaster ilifuata mwaka 1954, kingo zake zikiwa zimechongwa kwa sababu wapigaji walilalamika kwamba lile la awali liliwachoma mbavuni.

Maambukizi yaliyomsumbua kwa miaka yalimfanya aamini hana muda mrefu wa kuishi. Mwaka 1965 aliiuza kampuni kwa dola milioni 13, na mnunuzi alikuwa CBS, shirika la redio na televisheni. Kisha akapona. Alirudi kazini, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 aliunda magitaa ya G&L mjini Fullerton, akiendelea kubadilisha vinasa na madaraja hata ugonjwa wa Parkinson ulipokuwa ukiitetemesha mikono yake. Alipofariki akiwa na umri wa miaka 81, wenzake waliiacha karakana yake kama ilivyokuwa, vifaa vikiwa mezani.